Ruthena Mungin, Aliyeweka Jeneza Barabarani

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani, ndugu mliotoka Savannah na Philadelphia, na ninyi mliosimama nje kwa kukosa viti, familia imenituma mimi, Celeste, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye angekuwa hai angeniambia soma upesi, watu wana kazi zao.

Ruthena Capers Mungin alizaliwa tarehe 4 Aprili 1936 hapa hapa kisiwani Pinder, pwani ya Carolina Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Josiah Capers na marehemu Lavinia Capers, na kwa kuwa kila alipowekwa chini ulikuwa ukigeuka hayupo, walimpa jina la nyumbani, Mbu, na wengi wenu hapa hamkumjua kwa jina jingine.

Aliyemlea zaidi ni bibi wa baba yake, Dorcas, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1853, wakati kisiwa hiki chote kilipokuwa shamba la pamba la mtu mmoja, akabeba maji ya wachumaji tangu akiwa mdogo kuliko ndoo, na mama yake, Binah, aliuzwa Georgia kwa kosa la kumjibu msimamizi. Uhuru ulipokuja Binah alirudi kwa miguu, akiuliza njia shamba kwa shamba, akafika hapa miguu imefungwa magunia, akamkuta msichana anapalilia, akamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" msichana akajibu, "Wa Binah, lakini mama walimuuza," naye akasema, "Basi weka jembe chini, nimekuja." Hadithi hiyo Dorcas hakumsimulia mama ndani ya nyumba, alimsimulia wakiwa wamesimama kwenye kaburi lenyewe la Binah, kule makaburini kwetu kando ya kinamasi, kati ya makombe ya chaza na vikombe vilivyopasuka tunavyowawekea wafu wetu, akimpitisha kaburi moja baada ya jingine na kumwambia, "Huyu Cudjo, alichapwa mpaka akaacha kusema, ila kuimba hakuacha. Na hawa wadogo upande huu hawakukaa duniani muda wa kupewa majina. Haya, sasa sema wewe." Mama akasema, akikosea anarudishwa mwanzo, na Dorcas alipofariki mwaka 1945 mtoto huyu wa miaka tisa alikuwa na makaburi yote kichwani.

Alisoma shule ya watoto weusi ya hapa kisiwani, ile ya vyumba viwili, mpaka darasa la sita, kisha akapelekwa Savannah kwa shangazi yake alikomaliza sekondari mwaka 1954, na katika muda huo alitoroka kurudi nyumbani mara nyingi kiasi kwamba nahodha wa kivuko aliacha kumuuliza na kuanza kumwekea nafasi. Alirudi akafanya kazi kwenye kibanda cha kufungua chaza, mikono ikakatika na kupona na kukatika, na hapo ndipo alipomwona baba yetu, Isaiah Mungin, seremala, mtu mpole asiyependa safari, ambaye alimuuliza mbele ya wanawake wote wenye visu, "Mbu, nikikuoa utakaa?" Mama akamjibu, "Nitarudi. Kukaa sijasema." Wale wanawake walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini, na harusi ikafungwa katika kanisa hili tarehe 14 Juni 1957.

Alisema kweli, hakukaa. Mwaka 1958 alimvuta baba hadi Philadelphia, akafanya kazi chumba cha kufulia hospitalini, kisha akasomea uuguzi msaidizi, tukazaliwa huko mimi mwaka 1959 na mdogo wangu Abram mwaka 1962, lakini mimi nikaletwa huku kwa bibi Lavinia nikiwa na miaka minne kwa sababu zamu za wazazi ziligongana na hapakuwa na wa kubaki na watoto wawili. Wanaomfahamu mama watashangaa nikificha jambo hili, kwa hiyo sifichi: alikuja kila Agosti, na kabla wali mwekundu wa nyanya haujaiva alikuwa ameshaulizia siku ya basi. Nilimuuliza mwaka mmoja, "Mama, utarudi lini?" akanifunga kamba za viatu na kusema, "Kabla hujanikumbuka," nikamwambia, "Nimeshakukumbuka," akafungua kamba zile zile akazifunga upya, akaondoka.

Tarehe 2 Machi 1973 bibi Lavinia alifariki, mama na baba na Abram wakaja, tukatoka kanisani hapa na jeneza kwenye gari la mjomba kuelekea makaburini, na mahali ambapo siku zote palikuwa na barabara ya mchanga na mialoni pande mbili tukakuta lango. Upande wa kusini wa kisiwa ulikuwa umenunuliwa na kampuni ya mahoteli na viwanja vya gofu, wakajenga ukuta kuuzunguka katika miezi ambayo hatukuwa na wa kuzika, na makaburi yakawa ndani. Kijana mlinzi akatoka na kofia yake mpya akauliza tunakwenda kwa mgeni gani.

Mama akamwambia, "Kwa Binah."

"Binah nani? Yuko nyumba namba ngapi?"

"Hana namba. Yupo hapa kabla ya babu yako."

Yule kijana alisema hawezi kumfungulia mtu asiye na kibali, hata kwa msiba, na hapo mjomba akaanza kugeuza gari ili turudi tukatafute kibali, ndipo mama akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Shusheni." Walimshusha bibi wakamweka katikati ya barabara, mbele ya lango, na nyuma yetu magari ya wacheza gofu yakaanza kupanga foleni, wengine wakipiga honi, wengine wakivua kofia. Baba akamshika kiwiko akamnong'oneza, "Mbu, mke wangu, tulia kidogo," naye akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "Mama kashatulia. Mimi bado." Kisha akaanza kuimba, na watu wa kanisa hili wakazunguka jeneza kwa miguu isiyopishana, kama wazee walivyozunguka enzi za utumwa walipokatazwa kupiga ngoma, tukazunguka, tukazunguka, mpaka meneja akaja kwa gari dogo la gofu, uso umemwiva, akasema tutafunguliwa, lakini kwa leo tu.

Mama akamwambia, "Leo ya kwetu ni ndefu, bwana."

Hakurudi tena Philadelphia. Aliajiriwa kwenye zahanati ya kisiwani, akapima presha za nusu ya watu walioketi hapa, na kila Jumapili baada ya ibada alikwenda langoni na yeyote aliyekuwa tayari, akasema ni leo, akapita, walinzi wakabadilishwa na wapya nao wakamzoea, mmoja akawa anamtolea kiti. Aliyedhani amemweka sawa kwa kiti hakumjua. Mwaka 1986 kampuni ilitaka kupanua maegesho, ikasema kule hakuna makaburi bali makombe yaliyotupwa na walaji chaza, na asubuhi ya tarehe 20 Mei katapila lilipofika lilimkuta mama amelala chali kwenye kaburi la Cudjo, amevaa gauni la kanisani na kofia. Dereva, mtu mweusi wa bara, alizima injini akamwomba, "Mama yangu, nina watoto." Akamjibu, "Wa kwangu wako chini yangu hapa. Hebu na wewe shuka, mwanangu, uwaamkie." Yule dereva alishuka. Mama alikamatwa, akakaa ndani mpaka Jumatatu, akatoka na kofia yake imenyooka, na kwenye kesi aliposimama kutoa ushahidi wakili wa kampuni alimuuliza anajuaje nani kalala wapi, akafumba macho akaanza kuwataja kama alivyofundishwa na Dorcas, mstari kwa mstari, na wazee waliokuwa wamekaa nyuma wakawa wanaitikia kila jina, mpaka hakimu akasema inatosha, na mama akasema haijatosha, akaendelea.

Hukumu ilitoka tarehe 9 Oktoba 1989: makaburi ni yetu, na njia ni wazi kwa kila mwenye ndugu pale, bila kibali. Watu walikaanga samaki barabarani siku hiyo, wanawake walivaa nyeupe, na tangu hapo kila tarehe mosi Januari, siku ya uhuru wetu kutoka utumwani, watoto wa shule wanapelekwa pale kuwataja waliolala. Lakini ule upande wa wadogo wasio na majina ulikuwa umeshamwagiwa lami kabla hatujafika mahakamani, na haukurudishwa, na mama hakumsamehe mtu kwa hilo. Mpaka akiwa na miaka themanini alikuwa akienda kwenye maegesho yale na fimbo, anagonga kioo cha gari, anasema kwa adabu, "Samahani, baba, sogea kidogo, umemkanyaga mtoto," na nakuhakikishieni wengi walisogea.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2017, madaktari wakamwambia apunguze kutembea, akabadilisha madaktari. Baba alitangulia Februari 2018. Mama alifariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba 2019, saa nne asubuhi, hospitalini Charleston, mimi na Abram tukiwa tumemshika mikono, viatu vikiwa miguuni kwa sababu alikataa kuvuliwa, ameacha watoto wawili, wajukuu watano na vitukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kumtafuta kwenye korido, majirani mliotuletea uji wa mahindi na kamba wa baharini, wafanyakazi wenzake wa zahanati, wanasheria waliomtetea, na yule dereva wa katapila, Bw. Leroy Bostick, ambaye amesafiri tangu jana na ameketi pale karibu na dirisha.

Mchungaji alikuja kumsalimia juma la mwisho, akamwambia muda wa kupumzika kwa amani umekaribia, na mama akamkatalia, akasema wapo wadogo kule chini ya lami hajapata nafasi ya kuwauliza majina. Kwa hiyo sisi wanao hatutakupangia, Mama. Ardhi ni yako. Ukitaka lala, ukitaka zunguka.