Suruali Moja, Warithi Wawili

Sogeeni, wanangu. Wewe fundi suruali kaa huku, na wewe msusi kaa hapo ubavuni mwa kaka yako, maana tangu mlipoanza kununiana mnakaa kama abiria waliogombania dirisha. Matofali nimeyaona uani. Mlidhani macho yangu yametangulia kufa? Mnataka nikishazikwa mpige ukuta katikati ya nyumba, mmoja abaki na jiko, mwingine na masufuria.

Sitawagombeza. Marehemu baba yenu aligombeza watu maisha yake yote, na hakuna aliyebadilisha hata kandambili. Mimi nilifananisha tu, nikapata nilichotaka. Si mnamjua Redio, jirani yetu muuza chai? Kila wiki alikuwa anamuuliza mkwewe kama mimba imeingia. Nikamwambia, shoga, birika unalolifunua kila saa litachemka lini? Akafunga mdomo. Leo mjukuu wake anang'ata watu.

Siri ya kufananisha ni hii: mfano utoeni mkononi mwa mnayemwambia, si mkononi mwenu. Baba yenu, fundi baiskeli, alipokuja kunichumbia akamwambia babu yenu, "Binti yako ni kama baiskeli yangu." Mzee akainuka kutafuta bakora! Bahati yake akawahi kumalizia, "Nitamtunza, na simwazimi mtu." Mimi nyuma ya pazia nikacheka kwa sauti, ikahesabiwa nimekubali.

Sasa wewe fundi, mteja akikuletea suruali, akakwambia ikate katikati uwagawie wanawe wawili, atapata suruali ngapi? Sema kwa nguvu, dada yako asikie. Hata moja! Na wewe unayecheka, ukisuka kichwa upande mmoja ukaacha wa pili, mteja ataingia harusini au atajificha chooni? Haya basi. Nyumba ni yenu wote wawili, nzima, na mlango wake mmoja. Matofali yale jengeni benchi hapo nje, mkae mnisengenye, maana siku nisiposengenywa ndipo nitajua nimekufa kweli.

Nipeni maji... Asante, mwanangu. Mungu awape vicheko vingi kuliko vyombo. Awape majirani wenye habari. Awa... ngojeni nipumue.

Mimi sasa ni kama... ni kama...

Ah, mfano umenitoka. Umalizieni nyinyi. Mmoja aanze... mwenzake amalizie.