Pipa la Mwisho la Kaka Yangu

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948. Samahani, hapana, 1948 ni mwaka wangu mimi. Yeye ni 1946, kifungua mimba wa mwashi na mshona nguo, na mimi ni wa pili na wa mwisho. Binti yake, aliyechapa karatasi hii, alitaka kuyafuta hayo makosa. Nikamwambia aache, baba yake alizoea kunisubiri nijirekebishe.

Alisoma shule ya msingi ya nyuma ya reli, kuanzia 1954 hadi 1961. Hesabu zilimpiga chenga. Ila siku moja, somo likiendelea, alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, maziwa ya ofisini yanaungua." Akatolewa nje kwa utovu wa adabu. Muda si muda mwalimu mkuu akapita na sufuria nyeusi mkononi, haangalii mtu.

Tarehe 2 Mei 1966 aliajiriwa kuosha chupa katika kiwanda kidogo cha bia. Alipanda polepole, kutoka chupa kwenda matangi, kutoka matangi kwenda jikoni, hadi akawa mwonjaji. Wenzake walimwita Pua. Walisema Pua akikunja uso, tangi zima linamwagwa, hata meneja alie. Aliyoipenda kuliko zote ni ile bia nzito ambayo wao huiita divai ya shayiri: kimea kingi, maji kidogo, kisha inalazwa ndani ya pipa la mbao mpaka itulie. Hainywewi kwa kiu. Inanywewa kwa glasi ndogo, umekaa, maana ukisimama itakukalisha yenyewe.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1973 na dada aliyekuwa akibandika lebo kiwandani hapo hapo. Shemeji yangu alikuwa na maneno. "Mimi niliolewa na pua," alisema, "mwili ukaja baadaye na sanduku." Walijaliwa binti mmoja. Kaka alistaafu 2006, akawa anapika bia yake mwenyewe katika chumba cha uani, pipa moja kila baada ya miaka mitatu. Walikuwa wakionja wawili. Shemeji alitutoka 2013, na kile kiti chake cha uani hakikuondolewa wala hakikukaliwa.

Sasa hili hata binti yetu hakulijua. Mwaka 2017 kaka aliugua mafua makali, siku tisa kitandani. Alipoinuka, hakusikia harufu ya kitu chochote. Hakusikia sabuni, wala moshi, wala kimea. Alinifuata kibandani kwangu ninaposhona viatu, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu aliyeiba. Kuanzia hapo nikawa naonja mimi bia za mapipa yaliyotangulia, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kule uani kwake, nimekalia kopo la rangi.

"Leo ina nini?"

"Ngozi mpya."

"Ngozi ni nzuri. Na nyuma yake?"

"Kiwi ya viatu."

"Kiwi ya rangi gani?"

"Kaka, kiwi haina ladha ya rangi."

"Ya kwako haina. Onja tena, mdogo wangu, usinimalizie tu."

Akiyasikia maneno yangu alifumba macho akaitafuta bia humo humo. Mimi sikusoma sana, maneno yangu yote ni ya kibandani, lakini alijifunza kuyatafsiri.

Pipa la mwisho alilijaza Februari 2019. Tulilifungua kwa mara ya kwanza Jumapili, tarehe 6 Februari 2022. Asubuhi hiyo nilikuwa nimembandikia mteja soli, nikaja mbio nisichelewe. Nikainua glasi puani. Nikasema, "Gundi."

"Una hakika?"

"Gundi kabisa, kaka."

Kwenye bia, harufu ya gundi ni ugonjwa usio na dawa. Maana yake hamira ilipata joto kupita kiasi tangu mwanzo. Hakubisha. Aling'oa kizibo, akalilaza pipa, miaka mitatu ikaenda kwenye mfereji wa uani, nyekundu nyeusi, na povu kidogo. Alinijazia chupa moja. "Chukua, utasafishia brashi."

Siku ya tatu nilinawa mikono kwa sabuni nikaifungua. Tini zilizokauka. Sukari iliyoungua kidogo, ile inayobaki ukingoni mwa sufuria. Ganda la chungwa. Halafu joto likashuka kifuani taratibu, likakaa. Nikajikuta nasubiri mtu aniulize kuna nini nyuma yake. Gundi haikuwemo kabisa. Nikanusa kopo langu la gundi, nikakumbuka vidole vyangu vya Jumapili ile.

Mwezi Machi moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa wodi ya pili, kitanda cha dirishani. Nilikwenda mara nne nimwambie. Mara tatu nilizungumzia mvua. Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Juni 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa bintiye. Basi naliandika hapa: bia ilikuwa nzuri, kaka. Ilikuwa nzuri kuliko zote. Iliyonuka ni mikono yangu.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake, fundi viatu. Mungu ampe pumziko lake, lisilo na haraka.

Ile mara ya nne nilikaa kitandani kwake, nikafungua kinywa nikiri, likatoka swali. Alinitazama, kisha akageukia dirisha. Nilirudia, na tangu hapo naendelea kuuliza: kaka, tunajaza pipa lingine lini?