Mzee Mutuku na Wanafunzi Wake wa Rivolva

Wapendwa mliokusanyika nasi hapa Arlington, mimi ni Immaculate Mwikali, kifungua mimba wa Mzee Mutuku, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba, ingawa yeye mwenyewe angesema mdomo wangu hauna breki.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 huko Kangundo, Machakos, akasoma huko huko hadi kidato cha nne, akajiunga na polisi mwaka 1973, na kwa miaka mingi akawafunza makurutu kulenga shabaha. Mwaka 1979 alimwoa mama yetu, Beatrice Wanza, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Musyoka wa Houston. Alipostaafu alinifuata Texas pamoja na mama mwaka 2008, akawa mlinzi wa ghala moja la Grand Prairie, na Mei 2017, akiwa na cheti cha ukufunzi, akaanzisha darasa la bastola kila Jumamosi, kwa Kiswahili, mimi nikiwa karani wake.

Mwezi uliofuata alikuja Emérance, mjane kutoka Burundi, akiwa na rivolva, ile bastola ya zamani ya silinda inayozunguka, aliyoachiwa na marehemu mume wake, na hofu ya kuiweka nyumba moja na watoto watatu bila kujua kuishika, kwa kuwa madarasa mawili yalikuwa yamemkataa, yakisema wenye rivolva hujaza risasi polepole na kuwachelewesha wengine. Baba alipoamuru kila mtu achomoe magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, Emérance, ambaye kwa Kifaransa chake neno hilo ni duka, alijibu kwa adabu, "Mwalimu, miye sina magazini, nafanyaka kazi ya hoteli," na darasa likavunjika mbavu, mimi nikiongoza. Baba hakucheka, alisema mama huyu amejibu sawasawa, rivolva haina magazini, na aliyekosea ni mwalimu.

Nilimwambia waziwazi asimpokee tena, maana wenye bastola za kisasa walikuwa wananung'unika, naye akanijibu kwamba mtu atashika silaha iliyo nyumbani kwake, si ile tunayomtakia, na tukimfukuza, watoto wake ndio watakaobaki na hatari. Tangu siku hiyo amri ikawa "toeni risasi zote", kila mtu akapiga risasi tano tu, kadiri ya zile zinazoingia kwenye rivolva, kisha akangoja wenzake, na kufikia 2019 alikuwa amefunza watu kumi na mmoja wenye rivolva, wengi wao akina mama ambao mikono yao, kwa kazi za ghala na kuinua wagonjwa, haikuwa na nguvu za kukoki bastola za magazini.

Septemba 2019 baba alipatikana na saratani ya kongosho, akatibiwa Houston, akarudi Novemba akiwa hawezi hata kujigeuza, na siku nilizokuwa zamu, mama akiwa hawezi kumwinua peke yake, Emérance alipitia kwetu akitoka kazini, bila kuombwa, akamgeuza, akamnyoa, akamlisha uji. Baba alifariki Jumamosi tarehe 8 Februari 2020, nyumbani, mimi nikiwa bado njiani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Houston, majirani waliotupikia na kumpeleka mama huku na huko kwa gari, wenzake wa ghalani, na wanafunzi wake wote. Dada Emérance, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa, ni mimi niliyetaka ufungiwe mlango, na ni wewe uliyemfumba baba macho.

Baba, asante kwa kunikatalia. Pumzika salama.