Malbeki Ipandeni Juu ya Korongo

Sogeeni, wanangu. Rosendo, keti hapa kitandani, na wewe Delicia liache hilo sufuria, mchuzi wa locro hautaungua sasa hivi. Nisikilizeni wote wawili, maana sauti iliyonibaki ni ndogo na sina nguvu ya kurudia.

Shamba la juu, lile la mizabibu ya malbeki aliyoipanda babu yenu, nawaachia nyote bila kuligawa. Mizabibu ile imezoea jua la kuunguza mchana na baridi ya kuuma usiku, ndiyo maana zabibu zake zina ganda nene na divai yake ni nyekundu ya kukaribia weusi. Ukiihamishia bondeni itazaa sana na haitakuwa na ladha. Divai changa inyweni na empanada za nyama na jibini la mbuzi. Ile iliyolala kwenye pipa ingojeni mpaka mchinje mbuzi mchanga mkamwoke taratibu, kwa kuwa inataka mafuta ya nyama, bila hayo inakaba koo. Na tone la kwanza mmwagieni Mama Ardhi, hata padre akiwakunjia uso.

Sasa wewe, Rosendo. Najua umekwisha kupima kiwanja cha ghala jipya kule kwenye korongo kavu, kwa sababu ni tambarare na lori linafika. Usijenge. Mjomba wako Wenceslao alifia palepale, ninyi hamjazaliwa. Tulikuwa tunakanyaga zabibu kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotundikwa kama beseni, mvua inanyesha huko vileleni na sisi tumo juani, mara maji ya mfereji yakakatika. Baba akasema tope limeziba maji huko juu na litashuka lote kwa pamoja, tupande haraka. Tulipanda wote, kisha Wenceslao akageuka, akasema anafuata pipa. Nikamshika mkono. Akacheka, akaniambia, "Niache, Nicéfora, mto huu umenilea." Tuliusikia mlima ukinguruma kabla hatujaona kitu. Halafu likashuka tope, limebeba mawe makubwa kuliko chumba hiki, likapita pale aliposimama, na hatukupata hata kofia yake.

Mkewe, Hortensia, anaamini mpaka leo kwamba baba ndiye aliyemtuma, na tangu ujana wetu hanisalimii hata kanisani. Mimi nami nikanuna, miaka ikaenda. Nikifa mwiteni, mkalisheni kwenye kiti changu, mmiminieni divai ya pipa, mumweleze maneno ya mumewe kama nilivyowaeleza ninyi. Na fungu la Wenceslao katika kila mavuno liwe lake. Hilo nakukabidhi wewe, Delicia, kwa sababu kaka yako ana ulimi wa haraka.

Mbona mnatazamana? Semeni. Nimelala lakini masikio ninayo, na tangu asubuhi siusikii mfereji chini ya dirisha. Umekauka, sivyo? Na huko vileleni kumefunga wingu. Usinifiche, Rosendo. Basi tokeni. Mpitieni Hortensia, nyumba yake iko chini kuliko yetu. Mimi niacheni, kifua hiki hakitaweza mlima. Nimesema niache... Una kichwa kigumu kama marehemu baba yako. Haya, nibebe. Lakini ziweke chini hizo funguo za ghala, hakuna pipa litakalotoka leo.

Polepole, mwanangu. Kifua... Delicia, umemshika Hortensia mkono? Vizuri. Wifi, usinijibu kitu, wewe panda tu, watakueleza yote huko juu. Mtakuwa na siku nyingi za kukaa pamoja.

Mnasikia? Ndio huo mlima unanguruma. Msisimame kutazama.

Mungu awape mavuno... awape watoto, na moyo wa kuvumiliana. Mnizike huku juu, kwenye mizabibu, padre atakuja kwa miguu... Rosendo, usinililie, utakosa pumzi. Nawabariki... wote watatu... pandeni, wanangu... pandeni...