Huyu Ananishikia Kamba Tu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Shikamooni wazee wangu, na vijana hamjambo. Mchungaji ameniomba niseme maneno machache kwa sababu mwezi huu nimetundika vifaa vyangu vya kuzamia, na watu wa nyumbani wakaona jambo hili lisipite kimya. Nimezama katika ziwa hili tangu kichwa changu kikiwa cheusi chote. Nimekuja kumshukuru Mungu. Lakini siwezi kushukuru kwa ukweli kabla sijaungama neno moja nililolisema zamani, na katika maneno yote ninayoyajua, sidhani kama lipo fupi kuliko hilo. Ni neno "tu."

Vijana hamkuiona miaka ile ya tisini. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya meli hapa Mwanza, mali ya serikali. Mzee mmoja wa Tanga, mstaafu wa jeshi la maji, alitufundisha mafundi wanne kwenda chini ya meli na mtungi wa hewa mgongoni. Siku ya kwanza nilipovuta pumzi chini ya maji nilicheka kwa furaha, nikanywa ziwa. Niliipenda kazi ile, ndugu zangu, sitaficha. Kule chini hakuna kelele za mjini, unasikia pumzi yako tu inaingia na kutoka, na unakumbuka kwamba hata hiyo umepewa.

Kisha soko huria likafika, karakana ikafungwa, tukapunguzwa kazini. Wenzangu walipewa ahadi ya kiinua mgongo. Mimi badala ya fedha nikapewa vifaa: mitungi, mashine ya kuijaza hewa, miwani, mapezi ya mpira na mkanda wa risasi, yaani vile vipande vizito vinavyomsaidia mtu kuzama. Majirani zangu wa Buswelu waliposikia nyumbani kwangu kuna mkanda wa risasi, walianza kuniamkia kwa heshima kubwa sana.

Kazi haikukosekana. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni kila mwaka, na magugu maji nayo yakaja miaka hiyohiyo. Magugu yakiziba bomba la kuvuta maji, kiwanda kinasimama, samaki wanaharibika, wananitafuta mimi. Nilihitaji mtu wa kukaa juu na kushika kamba yangu. Nikamchukua shemeji yangu Magesa, kaka wa mke wangu, Mkerewe wa Nansio, mtu wa sala na mpole kupita kiasi. Kuzamia hakujua, lakini alikuwa akiogelea tangu hajaota meno ya pili.

Maji ya ufukweni kwetu ni meusi. Unaweka kiganja mbele ya miwani, hukioni. Kwa hiyo mimi na Magesa tuliongea kwa kamba. Yeye akivuta mara moja, anauliza: uko salama? Nami navuta mara moja: niko salama. Nikivuta mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nakuja juu. Nikivuta mara nne na kuendelea, maana yake nitoe haraka. Magesa aliuliza kila baada ya dakika chache, bila kuchoka, kama mama anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

Sasa sikilizeni dhambi yangu. Mdogo wake mke wangu aliolewa, tukavuka kwenda Nansio harusini. Wakati wa chakula baba mkubwa wa mke wangu akaniuliza, "Mkwe, siku hizi unafanya kazi gani?" Nikajibu kwa kujidai kidogo, "Mimi ni mzamiaji, baba."

Ukumbi mzima ulicheka. Mnajua mzamiaji ni nani kwa lugha ya mjini: ni yule anayejificha melini aende Ulaya bila nauli, au anayeingia kwenye sherehe ya watu bila kadi. Kijana mmoja akadakia, "Kumbe hata leo umezamia! Mpeni pilau mzamiaji!" Ulikuwa utani wa ukweni, haukuwa na ubaya. Lakini mimi nilikuwa nimezoea kusifiwa na mameneja, kichwa kimevimba. Mwingine akauliza, "Na Magesa naye mzamiaji?" Nikaona hapo ndipo pa kupata heshima yangu. Nikasema, "Huyu? Huyu ananishikia kamba tu."

Kicheko kikaniacha mimi, kikahamia kwake. Nyumbani kwao, mbele ya wadogo zake. Magesa akainamia sahani. Mama yake alikuwa anapita na maji ya kunawisha mikono, akasimama kidogo, kisha akaendelea na kazi yake.

Sikumwomba radhi. Nilijiambia kuteleza si kuanguka. Kumbe nilikuwa nimeanguka kitambo. Tulirudi Mwanza tukaendelea na kazi, yeye ananisalimia kama kawaida, mimi nashindwa kumtazama machoni. Na mtu akimkosea mwenzake, mara nyingi hasira anakuwa nayo yule mkosaji. Nikaanza kununa. Nikiwa chini, kamba inavutwa mara moja, uko salama? Sijibu. Inavutwa tena. Najifanya nina shughuli. Wiki mbili nzima, ndugu zangu, mtu anauliza hali yangu na mimi namnyamazia.

Siku yenyewe tuliitwa kiwanda kimoja upande wa Ilemela. Mashine zilikuwa zimesimama tangu asubuhi. Juu ya maji magugu yalitanda kama shamba, tukapasua uwazi mdogo kando ya gati nikazama hapo. Nilifika kwenye chujio la bomba, nikaanza kukata mizizi kwa kupapasa. Katikati ya ile mizizi kulikuwa na wavu mkuukuu wa sangara. Ukanasa mtungi wangu kwa nyuma. Nilipogeuka kuutoa, kisu kikaniponyoka. Nikavuta kamba mara nne. Haikwenda. Ilikuwa imejizungusha kwenye nguzo ya gati, kila nikivuta naivuta nguzo.

Hewa ikaanza kuwa nzito kuvuta, mtungi unakaribia kuisha. Mzee wa Tanga alitufundisha: ukinaswa, vua mtungi, fungua mkanda wa risasi, panda huku ukitoa pumzi. Lakini nipande wapi? Juu yangu ni magugu matupu, uwazi ni mmoja, na bila kamba siujui uko upande gani. Nikikosea, nafia chini ya yale majani.

Niliogopa. Na katika ule woga niligundua kitu: kamba ilikuwa kimya. Hakuna aliyeniuliza kama niko salama. Wiki mbili swali lile lilinikera, na sasa ningetoa chochote niulizwe mara moja tena. Nikaomba, nami sikuwa mtu wa kuomba. Nilisema, "Bwana, niulize tena. Safari hii nitajibu."

Kule juu Magesa alikuwa anavuta na hapati jibu, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimemzoesha. Mtu mwingine angesema, shemeji kanuna kama jana. Yeye hakusema hivyo. Alijitupa majini na nguo zake, akaifuata kamba kwa mikono hadi kwenye nguzo, akaizungusha ikaachia. Akarudi juu kuvuta hewa. Kisha akavuta kamba. Mara moja.

Uko salama?

Ndugu zangu, nilijibu mara nne, tano, sikuhesabu tena. Nikavua mtungi, nikafungua mkanda, nikatema kile cha kupumulia, nikaacha kila kilichokuwa kinanipa uhai kule chini, nikaishika kamba peke yake. Ikanivuta, nikatokea kwenye uwazi.

Nikiwa nimelala kwenye gati natapika maji, Magesa akaniinamia, naye amelowa, akaniuliza kwa mdomo, "Shemeji, uko salama?"

Nikamwambia, "Niko salama. Umejuaje?"

Akasema, "Ukiwa umenuna, kamba inapumua. Leo ilikuwa imekufa."

Nikaanza kulia, nikamwomba anisamehe lile neno la harusini. Akasema, "Badili nguo kwanza, utapata kichomi." Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusamehe.

Lakini neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi gatini. Jumamosi iliyofuata tulivuka kwenda Nansio, nikawaomba wakwe wakae. Nikasimama palepale nikaeleza yote. Baba mkubwa akasema, "Kumbe mkwe ndiye anayeshikiwa." Hakuna aliyecheka. Mama yake Magesa alileta maji, akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Jumapili niliyorudi Mwanza ndipo nilipompa Yesu maisha yangu.

Nimezama miaka mingi baada ya hapo, nimefundisha wengine, na sikuacha tena kujibu. Nanyi nawasihi. Bwana hapigi kelele. Anavuta mara moja, anauliza hali yako: kwa ugonjwa, kwa mtoto, kwa usiku usio na usingizi. Usimnunie. Jibu, hata kama jibu lako ni kwamba hauko salama.

Magesa, simama shemeji yangu, wakuone. Ndugu zangu, mkiniuliza leo kazi yangu, nitawajibu bila kujidai. Mimi ni mzamiaji tu. Huyu ndiye aliyeshika kamba.