Risala ya Kikundi Meno Nje Juu ya Dakika Saba Ambazo Majaji Hawakuziona

Mgeni rasmi, Papa Wilfried, Mwenyekiti wa majaji wa mashindano ya filamu fupi za kuchekesha;
Waheshimiwa majaji mlioketi pamoja naye;
Bapapa na bamama, na wenzetu wa vikundi vingine kumi:

Umefika mjini Baraka, na sisi tunakupokea. Tumefagia ukumbi huu, tumeweka maji mezani na kiti chenye mto, kwa sababu mgeni ni mgeni hata kama mwenyeji wake ana neno naye. Karibu, ukae vizuri. Wenzetu wamekubali tusome kwa niaba ya wote, kwa kuwa sisi ndio tuliopatwa zaidi.

KIKUNDI CHETU

Meno Nje tuko watu saba na koko mmoja, bibi wa mwenzetu. Wawili wetu wanaendesha pikipiki za abiria kwenda Misisi, mmoja anashona, watatu tunaanika ndagala wa ziwani na kuwauza. Umutesi, ambaye familia yake ni ya milimani, anauza maziwa. Hakuna aliyesomea sinema, na baadhi yetu hatukumaliza shule ya msingi. Tunapiga picha kwa simu moja. Tulianza kwa kuigiza kwenye harusi. Tulipoona watu wanacheka mpaka wanashikana mabega, tukasema tuyaweke haya kwenye simu.

Tangazo la mashindano lilisema kila kikundi kitapata maoni ya majaji yaliyoandikwa, ili kijifunze. Hilo ndilo lililotuvuta kuliko zawadi. Hajatokea mtu wa kukaa nasi na kutuambia: hapa mmeharibu, hapa mmepata.

FILAMU YETU

Inaitwa Muke wa Kwanza Amerudi, na ina dakika kumi na moja. Élie, kijana wa pikipiki, anamleta mchumba wake Merveille nyumbani. Mlangoni wanamkuta mwanamke mzee ameketi, amekunja mikono. Anasema, "Bwana yangu, umeniletea muke mwenzangu na hukuniuliza. Mi nilikufa?" Anaita majirani waje kuhukumu. Anamuuliza Merveille kama anajua kutwanga sombe ya majani ya muhogo, na kama ameambiwa kwamba bwana huyu anakoroma. Élie anapiga magoti. Majirani wanamhukumu ampeleke muke wa kwanza sokoni kwa pikipiki, amrudishe, na njiani asimpite mtu bila kumsalimia kwa niaba yake.

Kila mtu wa hapa anajua kinachoendelea. Koko humwita mjukuu wake bwana, na mjukuu humwita koko muke wake. Mjukuu akileta mchumba, koko ana haki ya kufanya fujo mlangoni, na mchumba akijibu vizuri amekwisha kupokelewa. Katika dakika ya sita Élie anamwita "koko" kwa kinywa chake. Katika dakika ya kumi mzee huyo anavua kitenge chake cha juu, anamfunga Merveille kiunoni na kumwambia, "Sasa umupikie weye. Mi nimechoka naye."

Mwigizaji huyo ni Koko Pulchérie, koko wa kweli wa mwenzetu Élie. Ana miaka sabini na miwili. Hatukumfundisha hata neno moja.

YALIYOTUPATA

Jumamosi tatu zimepita tangu maoni ya majaji yaliposomwa kwa mikro, humu humu ukumbini, watu wakiwa wamejaa. Yetu yalisema hivi: "Filamu namba tisa. Mwanamke mzee anamtaka kijana kimapenzi. Ni chafu na inavunja heshima ya ndoa. Mwisho hauna funzo. Picha inatikisika."

Koko Pulchérie alikuwa benchi la mbele, amevaa kitenge kipya. Walioiona filamu walicheka, wakidhani majaji nao wanafanya mzaha. Wasioiona hawakucheka. Walimgeukia. Yeye alimuuliza mwenzetu Arlette aliyekaa kando yake, "Huyo muzee muchafu, ni nani?"

Kesho yake bamama wa kwaya walimwomba apumzike kwanza, mpaka maneno yapoe. Ameongoza nyimbo pale miaka thelathini na mmoja. Sasa anakaa nyuma kabisa, na wimbo ukianzwa vibaya anatazama chini. Nyumbani, hamwiti Élie bwana tena. Anamwita Élie.

Tulikwenda kwa mchungaji. Alitupokea vizuri, akatwambia hakuiona filamu, lakini karatasi aliiona, na ina sahihi na muhuri. Alisema, "Mi ni nani wa kubishana na batu ba masomo? Balioandika ndio baseme ingine." Kwa hiyo tumekuja kwenu mlioandika.

Alphonse, aliyewawashia majaji mashine kule Fizi, ametueleza ilivyokuwa. Filamu yetu ilisimamishwa katika dakika ya nne. Chai ilikuwa imefika. Mmoja wenu alisema inatosha, mmeelewa. Baada ya chai mliendelea na namba kumi.

Papa Wilfried, tunauliza kwa heshima yote: huo mwisho usio na funzo mliuona wapi? Zilibaki dakika saba. Hamkuzitazama, na bado mlizihukumu kwa kalamu na kuzipigia muhuri. Wala si sisi peke yetu. Wenzetu wa Ubwari wameandikiwa kwamba pikipiki yao inapiga kelele mno. Filamu yao yote, tangu mwanzo hadi mwisho, iko ndani ya mtumbwi.

Hatuamini kwamba hamjui utani wa koko. Umutesi anasema hata kwao milimani koko humwita mjukuu bwana. Nanyi mlipokuwa wadogo mliitwa hivyo, mkaona haya, mkajificha nyuma ya mama zenu. Mngefika dakika ya sita mngejikumbuka. Kinachotuuma ni kwamba hamkukaa mfike. Tungeshindwa baada ya kutazamwa, tungelia siku moja na kuanza nyingine. Ile sehemu ya hukumu ya majirani tuliirudia mara kumi na nne, kwa sababu ya jogoo wa jirani ambaye hakutaka kunyamaza. Koko Pulchérie aliirudia mara zote kumi na nne, juani, na kila mara alikuwa mkali kama mara ya kwanza. Ninyi mliomaliza mambo yake kwa dakika nne mlikuwa kivulini.

TUNAYOKUBALI

Picha inatikisika katika dakika ya pili. Ni kweli. Aliyeshika simu alikuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, na njia mnaijua. Tena upepo umekula maneno ya Merveille. Hilo hamkulisema, tunalisema wenyewe.

Liko kosa lingine. Hatukuandika mwanzoni kwamba huyu ni koko na huyu ni mjukuu wake. Hatukujua kwamba ni jambo la kuandika. Nani huandika kwamba ndagala wametoka majini? Mara nyingine tutaandika, kwa herufi kubwa.

MAOMBI

Hatuombi zawadi wala cheti. Waliopata wamepata, na tunawapongeza.

Tunaomba kila filamu itazamwe mpaka mwisho kabla jaji hajashika kalamu. Tunaomba pia mwenye filamu apewe maoni mkononi kwanza, asiyasikie siku moja na soko zima.

Na leo tunaomba hili. Mchungaji yuko humu, safu ya tatu. Bamama wa kwaya wako nyuma yake. Koko Pulchérie hakutaka kuja. Élie amembembeleza tangu asubuhi, na sasa amesimama nje, dirishani, anakataa kuingia. Projekta iko tayari na jenereta ina mafuta. Tunakuomba, Papa Wilfried, utazame dakika kumi na moja mbele ya watu wale wale waliosikia ile karatasi.

Baada ya hapo mikro ni yako. Kama bado ni chafu, sema tena kwamba ni chafu, nasi tutanyamaza. Kama haichekeshi, tuonyeshe ni wapi imekosa, tutakushukuru, kwa sababu hayo ndiyo tuliyokuja kutafuta tangu siku ya kwanza. Lakini ukiona ni koko na mjukuu wake, basi useme hivyo kwa sauti ile ile iliyosema yale mengine, na umtaje kwa jina lake, ili mchungaji asikie, na kwaya isikie, na yeye asikie kule dirishani.

Tukimaliza kusoma, Alphonse atafunga mlango na madirisha ili picha ionekane. Dirisha moja tutaliacha wazi.

Mungu wa bakoko wetu na wenu akubariki, akurudishe kwako salama. Na kama koko yako bado yuko hai, umsalimie, umwambie watu wa Baraka wamempokea bwana yake.

Ni sisi,
Kikundi Meno Nje, Baraka.
Imesomwa na Georgette, mshika simu wa kikundi.