Mungu wa Bibi na Mungu wa Mama

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana leo sikusimama kuwafundisha watoto wenu, nimesimama kukiri. Mchungaji ameniambia niwe mfupi, na wanaonifahamu wanajua kwamba hilo peke yake linahitaji maombi. Tangu alfajiri nimezunguka uani nikipanga nianzie wapi, na sijapata. Basi nianzie barabarani.

Ndugu zangu, sisi wa mji huu wa Mpemba tunaijua barabara ile. Malori yanapanga foleni kuelekea mpakani, na mtoto akipita katikati yake dereva hamwoni. Mimi nauza mchele na maharage sokoni. Baba Sekela ni dereva, akiondoka ni wiki tatu. Sekela wetu ana miaka saba. Nikiwa sokoni, nani amchunge? Nikamweka Mungu! Nilimwambia, "Ukivuka barabara mimi sitakuona, lakini Mungu atakuona, na atakupiga." Akikataa uji, Mungu atakupiga. Akichelewa dukani, Mungu atakupiga. Mtoto akatulia kabisa, majirani wakanisifu kwa malezi. Nami, mwalimu wa Shule ya Jumapili, nikayachukua maneno yaleyale nikawapa na watoto wenu. Mlinipigia makofi walipokariri mistari yao bila kukosea, na mimi nikavimba kichwa.

Mwezi wa sita Sekela huenda kijijini Ihanda kwa mama yangu, wakati wa kuchuma kahawa. Mama hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi dukani. Anasali kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani. Akianza mti wa kwanza, anamwita mtoto, wanachuma konzi moja pamoja, wanashukuru, ndipo kazi inaanza. Wanamweleza Mungu habari za mbuzi, za mvua, za goti la bibi. Nilikuwa nikicheka. Nilisema moyoni, huyu mama anapiga soga tu, mtoto hajifunzi hata mstari mmoja. Nilikuwa na cheti cha semina ya walimu, ndugu zangu, nikajiona nimemzidi aliyenizaa.

Sasa sikilizeni. Msimu wa masuku, yale matunda matamu ya porini, ulipofika, ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama anayeyauza kwenye ndoo. Sekela akavuka. Alirudi salama na masuku yake mkononi, lakini kule kwenye malori alikanyaga msumari, ukatoboa kandambili ukaingia kwenye unyayo. Hakulia. Hakuniambia. Kwa akili yake, Mungu alikuwa ametimiza nilichoahidi, na akijitokeza angeongezewa.

Siku nne! Siku nne mtoto anavaa soksi nyumbani, na mimi namsifu kwa usafi. Anachechemea, nasema viatu vinambana. Hali chakula, nasema anadeka. Mimi ni mtu wa mbio, nakunywa chai nimesimama, namsuka mtoto huku napima maharage ya mteja. Sikukaa chini hata mara moja nikamtazama usoni. Naumia mpaka sasa nikisema hivi.

Jumapili nikasimama mbele ya watoto, nikafundisha utii. Sekela alikuwa benchi la mbele, jasho linamtoka. Nikasema kwa sauti, "Mtoto mkaidi asidhani amejificha, adhabu yake iko njiani!" Akainuka kama anataka kutoka, akaanguka pale pale. Nilipomvua soksi, harufu ilijaa chumba. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, mwekundu, unang'aa.

Hospitalini daktari aliniuliza swali moja tu: "Mama, mlikuwa wapi?" Akasema usaha umeingia ndani, wataufungua mguu na kuusafisha, na dawa zisiposhika watalazimika kuukata ili kumwokoa mtoto. Ndugu zangu, nilizunguka ule ukumbi mpaka nesi akanipa kiti kwa nguvu. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Nilitaka kuomba, na kila nikifungua kinywa naisikia sauti yangu ya darasani ikiniambia adhabu yako iko njiani.

Mchungaji alikuja na wazee wawili. Walipoinamisha vichwa, Sekela akavuta kanga akajifunika mpaka utosini. Chini ya ile kanga akasema, "Msimwambie Mungu kwamba niko hapa."

Wapendwa, hakuna aliyesema amina. Mchungaji alinitazama, na mimi nikatazama sakafu.

Kesho yake asubuhi mama yangu akafika kutoka Ihanda, na kikapu chake. Nilikuwa mlangoni narudi na maji ya moto, nikamsikia mtoto akimnong'oneza, "Bibi, niombee kwa Mungu wako. Wa mama ana hasira." Mama hakunikemea. Alikaa kitandani, akaushika mguu uliofungwa bandeji, akaanza kusema Kinyiha polepole, vile vile kama shambani. Akamweleza Mungu habari za msumari, akamweleza na habari za masuku, kwamba yalikuwa matamu. Sekela akafunua uso. Mama alipomaliza akanigeukia: "Mwanangu, huyo Mungu wako mimi simjui. Ulimpata wapi? Kwangu hukumkuta."

Maneno hayo yalinikata maini. Kwetu mzazi haombi msamaha kwa mtoto, mnajua. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya wodi, wagonjwa wanatazama, nikasema, "Sekela, mama alikudanganya. Mungu hakukupiga. Ulikanyaga msumari, na yeye alitaka uje uniambie." Aligeukia ukutani. Ndipo nikajua kwamba mguu unaweza kupona na mtoto nikawa nimempoteza.

Dawa zilishika! Mguu haukukatwa! Haleluya, mpigieni Mungu makofi, mtoto anatembea, yule pale amekaa na bibi yake! Lakini sitawaficha, moyo wake ulichelewa kupona. Miezi mingi aliomba na bibi kwenye simu, kwangu akafumba mdomo. Nilirudi darasani nikawaambia watoto wenu kwamba mwalimu alikosea. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo mwalimu hutatuchapa tena?" Nikamwambia asiharakishe mambo. Walicheka, mimi sikucheka. Kila siku nilikaa na Sekela kabla ya kwenda sokoni, nikasali kwa maneno ya kawaida, nikimweleza Mungu habari za foleni, za maharage, za hasira zangu. Yeye alinitazama tu. Nilikuwa situlii hata kidogo. Nilitaka kumlazimisha, nikang'ata ulimi.

Juzi Jumatano nilikuwa nafagia uani. Nikasikia kitu kimepasuka ndani. Nikasimama na ufagio wangu, nikahesabu pumzi. Nilijua atajificha. Sekela akatoka mwenyewe, kifuniko cha chupa ya chai mkononi, chai imemwagikia gauni. Akasimama mbele yangu akasema, "Mama, nimevunja chupa ya chai. Nimeshamwambia Mungu. Sasa nakwambia wewe."

Nilidondosha ufagio nikalia kama mtoto. Alimwambia Mungu kwanza! Mungu yuleyule ambaye Sekela alimkimbia chini ya kanga, ndiye aliyemkimbilia.

Namshukuru Yesu aliyeniokoa na uongo wangu mwenyewe. Namshukuru mama yangu. Nawashukuru ninyi mlioniachia watoto wenu hata baada ya kujua. Na wewe mzazi unayenisikiliza, labda unakimbizana na maisha kama mimi, na Mungu umemtuma akuchungie watoto kwa vitisho. Mrudishie Mungu jina lake zuri. Leo ukifika nyumbani, kaa chini, mwite mwanao, muulize ni jambo gani anaogopa Mungu asilijue. Usimkatize. Akishamaliza, mwambieni Mungu hilo jambo wote wawili. Mwaminini, hapigi mtoto anayekuja kwake akilia. Amina.